Chakula kipya, menyu mpya au meza mpya: uanze na kipi?

Anayesimamia bwalo la chakula, liwe la chuo, hospitali, makao ya wazee au ofisi, mara nyingi hupewa fedha ya jaribio moja tu. Anatakiwa aonyeshe mabadiliko: watu wale vizuri zaidi, nyama ipungue, mabaki yapungue, au vyote kwa mpigo. Watafiti wa mambo ya ulaji wamekwisha kufanyia kazi njia tatu anazoweza kufuata. Aweza kuleta chakula ambacho jikoni kwake hakijawahi kupikwa: wadudu, kuvu, mwani. Aweza kubaki na vyakula vilevile akapanga upya menyu, majina na kaunta. Au aweza kuacha hayo yote yalivyo, akabadili chumba, vyombo na namna watu wanavyoketi.

Njia ya kwanza ndiyo inayopigiwa debe. Inapigwa picha, inaandikwa magazetini, inapata wafadhili. Mimi ningeiweka ya mwisho katika mabwalo mengi, na sababu yangu si kinyaa cha walaji.

Kwanza, tatizo ni lipi?

Njia hizi hazijibu swali moja, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Makao ya wazee ambayo wakazi wake wanakonda kwa kawaida hayakosi protini jikoni; protini ipo, ila inarudi kwenye trei ikiwa imedonolewa tu. Chuo kinachotaka kupunguza nyama kina watu wenye afya na njaa ya kutosha, wanaochagua kwa haraka na kwa mazoea. Shule ina watoto wanaokataa kitu leo na kukikubali baada ya kukionja mara nyingi. Watafiti hutaja mara 8 hadi 15, subira ambayo wapishi wachache wanayo. Andika kwa sentensi moja unachotaka kibadilike kwenye sahani. Ukishindwa kuiandika, usinunue chochote kwanza.

Kubadili chakula chenyewe

Kuvu, wadudu, mwani na nyama ya maabara (iliyokuzwa kutokana na seli za mnyama) hutajwa kwa pumzi moja, lakini jikoni ni vitu vinne tofauti kabisa.

Protini ya kuvu ndiyo yenye uzoefu mrefu sokoni. Kuvu iitwayo Fusarium venenatum ilipatikana kwenye udongo huko Marlow, Uingereza, miaka ya 1960, na tangu 1985 inauzwa kwa jina la Quorn. Hukuzwa kwa sukari ndani ya matangi, kisha hupashwa joto ili kupunguza RNA, kemikali iliyomo ndani ya seli, kwa kuwa RNA ikizidi huongeza asidi ya yuriki mwilini. Gramu 100 zina protini takriban gramu 11 na nyuzinyuzi takriban gramu 6. Nyuzi zake zinafanana na za nyama, kwa hiyo mpishi hahitaji kujifunza mapishi mapya. Anabadilisha kiungo kimoja tu kwenye sufuria ileile. Jambo la kuangalia ni lebo: bidhaa nyingi za aina hii hushikanishwa kwa ute wa yai. Mwenye mzio wa mayai hataweza kuzila, na asiyekula chochote kitokanacho na mnyama atahisi amedanganywa.

Wadudu wana hadithi ndefu zaidi. Ripoti ya mwaka 2013 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilihesabu zaidi ya spishi 1,900 zinazoliwa duniani, kwa hiyo neno "kipya" hapa ni la kisheria kuliko la kihistoria. Umoja wa Ulaya huita kipya chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi ndani ya umoja huo kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Kwa kanuni hiyo, mdudu wa kwanza kuidhinishwa alikuwa buu wa mbawakawa Tenebrio molitor, mwaka 2021, kisha wakafuata nzige na nyenje. Nyenje anasifiwa kwa kutopoteza chakula cha mifugo: hula takriban kilo 1.7 kuongeza kilo moja ya uzito.

Wauzaji hupenda kusema unga wa wadudu una protini asilimia 60 au zaidi. Iulize namba hiyo maswali. Kwa kawaida maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25 kupata protini. Lakini mdudu ana kitini, gamba lenye naitrojeni isiyo ya protini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa mabuu mazima waliyoyapima kipimo kinachofaa ni 4.76. Asilimia 60 ya kwenye mfuko inashuka hadi karibu 46. Bado ni nyingi, ila bei uliyokubali ilikuwa ya 60.

La pili ni mzio. Mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika kwa kula wadudu, kwa sababu protini inayochokoza mwili ni ya jamii moja. Katika mkahawa wenye wateja wachache, mhudumu huuliza meza kwa meza. Katika bwalo linalohudumia mamia kwa saa moja, lazima chakula cha wadudu kiwe na mstari wake, vijiko vyake na lebo inayosomeka kwa mbali, na hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye ankara ya unga.

Kuhusu kinyaa, utafiti una habari njema kiasi. Mdudu aliyesagwa na kufichwa ndani ya chakula kinachojulikana hukubalika kuliko anayeonekana miguu. Na maneno yana uzito: katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2018, walioona tangazo la ladha na starehe walionja chokoleti yenye mabuu zaidi ya walioona tangazo la afya na mazingira. Wenye miradi ya mazingira hawapendi kulisikia hili. Lakini kuonja mara moja na kurudi kesho ni mambo mawili. Mlaji hurudi kwa sababu zilezile za kila siku: kitamu, bei inalipika, kipo kila anapokitaka, na kinaingia kwenye mlo aliouzoea. Mradi unaohesabu walioonja siku ya uzinduzi umehesabu udadisi tu.

Mwani mdogo kama spirulina nitaupitia haraka. Uzito wake mkavu una protini asilimia 60 hivi, lakini rangi na harufu yake havikuruhusu kutia zaidi ya kijiko, na kijiko kimoja hakitoi protini ya kumtosha mtu. Vitamini B12 inayotangazwa ndani yake kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Ni kirutubisho cha kunyunyizia. Usiupangie nafasi ya mlo mkuu.

Habari ya nyama ya maabara ni fupi zaidi. Baga ya kwanza ililiwa hadharani London mwezi Agosti 2013, kazi ya Mark Post, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Singapore iliruhusu kuuzwa kwake Desemba 2020, Marekani ikafuata Juni 2023, na mwaka huohuo Italia ikapitisha sheria ya kuipiga marufuku. Mwenye bwalo hana cha kuchagua hapa: haipatikani kwa wingi wala kwa bei ya mlo wa kila siku.

Ukivilinganisha vyote, kuvu ndiyo pekee ambayo jikoni la kawaida linaweza kuianza Jumatatu. Kuna mshindani asiyetajwa katika mikutano ya ubunifu kwa sababu hana jipya la kutangaza: dengu, maharage, njegere na soya. Ni rahisi, hutunzika, wapishi wanazijua, na mzio wake unajulikana. Kama lengo ni kupunguza nyama tu, sijaona hoja ya kuziruka na kwenda kwa wadudu. Kama lengo ni kujifunza, mathalani chuo cha upishi au cha sayansi ya chakula, hapo wadudu wana thamani yao, maana wanafunzi watakutana nao kazini.

Kubadili menyu bila kubadili chakula

Hapa ushahidi unavutia, na gharama ni karatasi na kichwa cha mpishi.

Katika mabwalo ya vyuo vitatu vya Cambridge, Uingereza, watafiti walifuatilia zaidi ya milo 94,000 katika kazi iliyochapishwa 2019. Badala ya mlo mmoja usio na nyama kati ya minne, waliweka miwili kati ya minne. Mauzo ya milo isiyo na nyama yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79 kulingana na mahali, na mauzo ya jumla karibu hayakuguswa. Waliobadilika zaidi walikuwa wale waliokuwa wakila nyama sana hapo awali, na hapakuwa na dalili kwamba walifidia kwa nyama usiku. Hakuna aliyehubiriwa.

Kundi hilohilo lilijaribu pia kuweka mlo usio na nyama mwanzoni mwa kaunta. Pale milo ilipokaribiana, mpangilio haukusaidia kitu. Pale ilipoachana kwa zaidi ya mita moja na nusu, ulisaidia. Napenda matokeo ya namna hii, kwa sababu yanamfanya meneja achukue futi ya kupimia badala ya kuajiri mshauri.

Njia kali zaidi ni chaguo la awali. Katika mikutano nchini Denmark, fomu ya kujiandikisha ilidhani kila mtu atakula mlo usio na nyama, na anayetaka nyama aseme. Waliokula bila nyama, waliokuwa chini ya asilimia 13, wakawa zaidi ya 85. Lakini angalia mazingira: ni mlo mmoja, umelipiwa, na fomu inajazwa siku nyingi kabla ya njaa. Sitegemei namba hizo mahali ambapo mtu anasimama mbele ya kaunta na fedha yake mkononi, akinusa kinachochomwa upande wa pili.

Kisha majina. Katika bwalo la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mboga zilezile, zilizopikwa vilevile, zilipewa majina tofauti siku tofauti. Majina ya kutia hamu yalivuta watu asilimia 25 zaidi ya majina ya kawaida, na 41 zaidi ya majina yaliyosisitiza kupunguza mafuta au sukari. Jaribio lililofuata katika vyuo kadhaa likaongeza sharti ambalo mpishi yeyote angekuambia bure: jina tamu hufanya kazi pale ambapo mboga yenyewe ni tamu. Ukiita "za kukaangwa kwa vitunguu vya dhahabu" mboga zilizochemshwa zikalegea, utapata siku moja nzuri na mwaka mzima wa kutoaminiwa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamfaa anayechagua. Mgonjwa anayeletewa trei kitandani, au mzee mwenye tatizo la kumbukumbu asiyeweza kusoma ubao, hafikiwi na menyu hata iwe ya ustadi namna gani.

Kubadili meza, chombo na chumba

Kwa wazee na wagonjwa, hii ndiyo njia ninayoitetea kwa nguvu. Katika makao matano ya wazee nchini Uholanzi, jaribio ambalo makundi ya wakazi yaligawanywa kwa bahati nasibu katika pande mbili, lililochapishwa 2006 katika jarida la tiba la BMJ, lilihusisha wakazi 178 kwa miezi sita. Upande mmoja waliendelea kula kwenye trei zilizopakuliwa tayari. Upande wa pili meza zilitandikwa, chakula kililetwa kwenye mabakuli wakajipakulia, wahudumu wakaketi nao, na dawa na ziara za madaktari zikasimamishwa wakati wa mlo. Mwishoni tofauti ya uzito kati ya pande mbili ilikuwa kilo 1.5, na hali ya maisha ikawa bora kwa waliokula mezani. Kilo moja na nusu kwa kijana ni kitu kidogo. Kwa mzee dhaifu ambaye kila mwezi anapungua, ni ushindi.

Gharama yake haimo kwenye vitambaa vya meza. Imo kwenye saa za wahudumu. Anayeketi na wakazi kwa dakika 40 haoshi vyombo dakika hizo, na mkurugenzi asiyeongeza zamu ataona mradi ukifa kimyakimya mwezi wa pili. Bajeti yako iwe ya watu kabla ya kuwa ya samani.

Vyombo vina utafiti wake pia. Huko Boston, wanaume tisa wenye Alzheimer iliyokomaa, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, walipewa vyombo vyekundu vilivyokoza mahali pa vyeupe. Walikula asilimia 25 zaidi na kunywa asilimia 84 zaidi. Tangu hapo sahani nyekundu zimeuzwa kana kwamba wekundu ni dawa. Lakini watafiti haohao waliporudia, buluu iliyokoza nayo ilisaidia, na rangi zilizopauka, hata nyekundu, hazikusaidia. Kilichofanya kazi ni tofauti kati ya chakula, chombo na meza, maana macho ya wagonjwa hao yanapoteza uwezo wa kuona tofauti hafifu. Supu ya nyanya kwenye bakuli jekundu inarudisha tatizo lilelile. Na ni watu tisa tu. Kwa bei ya seti moja ya vyombo naona inafaa kujaribu, ila kuinunulia jengo zima bila kujaribu ni haraka.

Kwa walaji wenye afya, mazingira yana nguvu ya aina nyingine. Kundi la watafiti John Edwards na Herbert Meiselman lilipeleka mlo mmoja, kuku wa mchuzi mweupe na wali, ulioandaliwa kwa namna moja, katika sehemu 10 tofauti, na kuchapisha matokeo 2003. Katika mabwalo ya taasisi ulipewa alama za chini; katika mkahawa wa hoteli ya nyota nne ukapewa alama za juu. Kuku yuleyule. Kelele nazo huharibu: majaribio ya 2011 yalionyesha kwamba kelele kubwa ya nyuma hufifisha utamu na chumvi. Kabla ya kumlaumu mpishi kwamba chakula chake hakina ladha, simama katikati ya bwalo saa saba mchana usikilize viti vikiburutwa kwenye sakafu ya vigae. Vifuniko vya mpira vya miguu ya viti ni uwekezaji ambao hautatangazwa popote.

Tahadhari moja. Sehemu hii ya utafiti ndiyo iliyochafuliwa na Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyekuwa maarufu kwa sahani ndogo na bakuli zenye hila. Mwaka 2018 chuo chake kilimkuta na makosa ya kitaaluma, na makala sita zikaondolewa kwa siku moja na majarida ya tiba ya JAMA pekee. Mapendekezo yake bado yanazunguka kwenye vijitabu vya ushauri wa lishe bila jina lake. Ukiambiwa kwamba sahani ndogo itapunguza ulaji, uliza ushauri huo umetolewa wapi. Kwamba mtu hula zaidi akipakuliwa zaidi, hilo lina ushahidi wa kutosha. Ujanja wa rangi na umbo la bakuli uuchukulie kwa mashaka.

Utapimia wapi?

Ulinganisho huu una uamuzi mwingine ndani yake, na wengi huufanya bila kujua. Chakula kinaweza kupimwa kwenye vibanda vya maabara, kwenye mkahawa wa majaribio, au kwenye bwalo lako.

Kibanda kina mwanga unaodhibitiwa, mlaji mmoja, sampuli ndogo na kipimo cha kupenda chakula chenye alama 9, kilichotokana na utafiti wa chakula cha jeshi la Marekani katikati ya karne iliyopita. Ni bora kwa swali jembamba: je, mapishi A na B yanatofautika? Hakikuambii kama mtu atamaliza sahani, wala kama atarudi. Mikahawa ya majaribio, kama ule wa Wageningen uliofunguliwa 2007 na ule wa Écully karibu na Lyon, Ufaransa, uliofuata 2008, huunganisha mlo wa kweli na kamera na mizani. Ni kati na kati, na ni ghali. Inafaa ukiwa na mshirika chuoni. Bwalo lako lina vurugu zote za maisha, mvua, mitihani, siku ya mshahara, lakini ndilo mahali ambapo jibu linahitajika.

Kwa vyakula vipya hasa, jihadhari na wanaojitolea. Kuna dodoso la kauli 10 la kupima woga wa vyakula vigeni, lililotungwa Kanada na kuchapishwa 1992. Wape wanaojitokeza kuonja, halafu wape wale wanaopita bila kusimama. Ukikuta kundi la kwanza halina woga kabisa, alama zako za juu zinawahusu wao tu.

Mahali ulipo, pima mabaki. Ndoo tatu na mzani wa jikoni vinatosha: kilichobaki kwenye sufuria, kilichobaki kwenye kaunta, kilichobaki kwenye sahani. Pima mzunguko mmoja mzima wa menyu kabla ya kugusa chochote, kisha mzunguko mwingine baada ya kubadili jambo moja. Ukibadili menyu na meza wiki moja, hutajua kipi kilifanya kazi. Kwa wazee ongeza uzito wa mwili kila mwezi, kwa mizani ileile na saa ileile.

Bwalo la chuo au ofisi lingeanza na menyu: milo miwili isiyo na nyama kati ya minne, mpishi akiwa na muda wa kuipika vizuri, na majina yaandikwe na mtu anayependa kula. Makao ya wazee na wodi ndefu zingeanza na meza na saa za wahudumu. Ikiwa baada ya mzunguko wa pili fedha imebaki na wapishi hawajachoka, hapo ningeagiza katoni chache za protini ya kuvu, nisome lebo ya yai, nizipike kwenye mlo ambao tayari unaisha kila unapopikwa.